Kihamba ni changu kwa maneno, uamuzi ni wa baba

Swali

"Mimi ni kitinda mimba katika familia ya watoto watano, nina miaka 41, naishi Kilema, Moshi Vijijini. Kaka zangu wawili wako Dar es Salaam, dada mmoja yuko Arusha, mwingine ameolewa Machame. Kwa mila zetu Wachaga kihamba cha baba, yaani shamba la nyumbani, ni cha mtoto wa mwisho, na baba amekuwa akilisema hilo tangu nikiwa mdogo. Nilirudi nyumbani mwaka 2011 mama alipoanza kuumwa mgongo, nikaoa, sasa nina watoto watatu. Kihamba ni ekari moja na nusu: kahawa, migomba na ng'ombe wawili wa ndani. Kazi zote tunafanya mimi na mke wangu, lakini baba (ana miaka 77) ndiye anayeamua kila kitu. Mibuni mingi ni ya babu na imezeeka. Nikisema tuikate ibaki visiki ichipue upya, au tupande miche mipya, ananijibu, 'nikifa utafanya utakavyo.' Pesa ya kahawa inaingia kwake kwa sababu mwanachama wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha mazao, ni yeye, halafu ananigawia. Mwaka jana niling'oa mibuni kumi na miwili bila kumwambia. Hakuongea nami karibu mwezi mzima. Disemba kaka zangu wakipanda mlimani anawasifia mbele ya watu, mimi natumwa kuleta viti. Kinachonitisha ni kwamba siku hizi nikimsikia anakohoa usiku wazo linanijia kuwa siku akiondoka nitapumua. Nampenda baba yangu. Najiona mtu mbaya. Mke wangu anataka tununue kiwanja Himo tuhamie huko. Je, nimwambie baba anikabidhi rasmi, au nitakuwa namwombea kifo?"

Jibu

Ndugu yangu, pole, na asante kwa kuliandika jambo ambalo wengi hulimeza. Nianze na hilo wazo la usiku, maana lisipotulia kwanza, mengine nitakayosema hutayasikia.

Kumsikia mzazi akikohoa ukawaza kwamba siku akiondoka utapumua hakukufanyi uwe unamwombea kifo. Angalia wazo lilikotoka. Baba yako mwenyewe ndiye anayekuambia, tena mara kwa mara, kwamba akifa utafanya utakavyo. Amefunga milango yote akakuachia mmoja, na mlango huo ni mazishi yake. Akili iliyobanwa hutazama palipo na upenyo. Kwa hiyo usiku, ukiwa umechoka, inakurudishia maneno aliyoyatamka yeye. Watu waliobaki nyumbani na wazazi wazee huniambia jambo hilihili wakiwa wameinamisha kichwa, na mara nyingi ndio haohao wanaoamka saa nane za usiku kuchemsha maji ya kumkanda mzee.

Kinacholeta madhara ni kulificha wazo hilo hata kwako mwenyewe. Mtu anayejiona mbaya hujiadhibu kwa utiifu wa kupita kiasi. Anaitikia kila kitu, hajibu, haombi, kisha siku moja anachukua sururu na kung'oa mibuni kumi na miwili bila kumwambia mtu. Sidhani kama asubuhi ile ulikuwa unalima. Ulikuwa unasema neno ulilolimeza tangu 2011, na baba alilisikia vilevile, ndiyo maana akakujibu kwa kununa mwezi mzima.

Sasa niseme kuhusu baba. Barua yako yote inasomeka kama ya mtu anayeamini kwamba baba yake hamwamini. Mimi naona vingine. Mzee asiyekuamini hakuachii ng'ombe, mke wake mgonjwa na ufunguo wa stoo. Nadhani kinachomzuia kimo ndani ya hiyo mibuni unayoiona imezeeka.

Kahawa iliingia hapo hapo Kilema kupitia misheni ya Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Wazee wenu ndio walioanzisha chama cha wakulima Waafrika wa kahawa mwaka 1925, na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikafuata mwaka 1933. Shule nyingi za mlimani, karo na mabati vilitokana na zao hilo. Baba yako alikuwa kijana serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. Alikuwa na umri kama wako mwaka 1989, mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulipoanguka na bei ikaanguka nao. Miaka iliyofuata wako majirani waliong'oa mibuni wakapanda mahindi na nyanya. Mibuni ya babu yako bado ipo. Maana yake kuna mtu aliyeamua, mwaka baada ya mwaka, kutoing'oa wakati hailipi na watoto watano wanadai ada. Wewe ukisema "hii haina faida tena," yeye anasikia kwamba uvumilivu wake ulikuwa ujinga.

Halafu kuna hesabu ambayo vijana hawaifanyi. Mbuni ukikatwa kisiki hautoi mavuno ya maana kwa muda wa kama miaka miwili, na mche mpya huchukua zaidi ya hapo. Kwa mtu wa miaka 41 huko ni kusubiri tu. Kwa mtu wa miaka 77 hayo yanaweza kuwa mavuno yote yaliyobaki. Unamwomba akubali kumalizia uzee wake akitazama visiki, kwa faida ya msimu ambao huenda asiuone, na unamwomba hivyo kwa lugha ya kilo na bei. Kitaalamu una haki. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, pale Lyamungu watakuambia mbegu mpya zinazostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani ni bora, na watakuonyesha namna ya kukata kwa awamu, mistari michache kila mwaka, ili kihamba kisikauke mapato kwa mara moja. Lakini hakuna mtaalamu wa kahawa atakayekutatulia suala la miaka miwili ya baba yako. Hilo mtalimaliza nyinyi wawili.

Ongeza kwamba mkulima hana kiinua mgongo. Mwalimu akistaafu anapata pensheni hata kama watoto wake ni wakaidi. Baba yako ana kihamba, basi. Siku atakapokikabidhi kabisa, kikombe cha chai kitatoka mkononi mwa mkeo. Huenda mkeo ni mkarimu kuliko watu wote wa Kilema, lakini mzee amekaa kwenye misiba na vilabu vya mbege, pombe yenu ya ndizi, miaka hamsini, anazijua habari za wazee waliotia saini karatasi kisha wakahamishiwa chumba cha nyuma. Woga wake una msingi. Usimwambie hauna.

Na nadhani babu amezikwa hapo hapo, katikati ya migomba. Kwa hiyo baba yako anajiona mtunzaji wa kitu cha watu waliomtangulia, ambao bado wapo, mita chache kutoka anapokunywa chai. Kung'oa mibuni aliyoipanda marehemu bila kusema neno, mbele ya kaburi lake, kulimgusa mahali ambapo pengine hata yeye hawezi kupaeleza.

Kuna jambo jingine la mila zenu ambalo huwaumiza sana vitinda mimba, na sijaona likizungumzwa vya kutosha. Kaka wa kwanza, kwa desturi, alipooa alionyeshwa ardhi yake. Ilikuwa na siku. Wazee waliitwa, mpaka ukapitiwa, isale, ule mmea wa mpakani, likapandwa, mbege ikanywewa, na kuanzia kesho yake hakuna aliyemuuliza anapanda nini. Wa katikati walijitafutia, nao siku ya kununua kiwanja chao wanaikumbuka. Wa mwisho anapata nyumba ya wazazi na kihamba chao, kwa sharti lisiloandikwa kwamba atawatunza. Kwa maneno mengine, wewe unapewa kwa kubaki. Hakuna siku. Hakuna aliyekutembeza mpakani. Jana ulikuwa mtoto wa nyumbani, leo una watoto watatu, na kati ya jana na leo hakuna mtu aliyesimama akasema, "kuanzia sasa muulizeni huyu." Ndiyo maana bado unatumwa viti. Mfumo mzima uliundwa hivyo, tena uliundwa wakati ambapo watu walizeeka mapema zaidi na kitinda mimba hakufika miaka 41 akiwa bado anasubiri.

Hapo ndipo ninapolipinga kidogo swali lako. Umeniuliza kama umwambie akukabidhi "rasmi". Kukabidhi shamba kuna mambo matatu ndani yake: kazi, uamuzi na umiliki. Kazi unayo yote tangu zamani. Umiliki umeahidiwa. Uamuzi huna hata punje, na huo ndio unaokunyima usingizi. Ukienda kwa baba ukadai hati, unaomba kitu ambacho kwake kinanuka mauti, huku kile unachokihitaji hujakitaja. Nimekaa na wanaume wenye hati mfukoni ambao bado wanaelekezwa na baba zao wamwage wapi samadi. Karatasi haikuwapa walichokuwa wanakitafuta.

Kwa hiyo ushauri wangu ni uanze na uamuzi, kidogo kidogo, na uuache umiliki ubaki kwa wazazi kwa sasa.

Kabla ya hapo kuna deni. Hukuniambia kama uliomba radhi kwa ile mibuni. Kama hukuomba, mengine hayataenda. Nyinyi mna njia ambayo makabila mengi hawana: mtu akikujia na jani la isale, ni vigumu sana kumkatalia msamaha. Mtafute baba mdogo au mzee wa ukoo anayeheshimiwa, mwende pamoja jioni, usijitetee. Sema tu kwamba ulichokosea ni kufanya bila kumwambia, na ulijua unachokifanya. Usiongeze "lakini". Hoja ya kwamba miti ilikuwa mizee iache nyumbani siku hiyo.

Kisha, siku nyingine, mpe nafasi asimulie. Vijana wengi wanaolalamika kwamba mzee hataki kukabidhi hawajawahi kumuuliza yeye alikabidhiwaje. Muulize mkiwa kazini, mnapogoa au mnapukuchua, macho yakiwa kwenye mikono. Wanaume wa rika lake huzungumza vizuri zaidi wasipotazamana. Babu alikuachia lini uamuzi? Alikuwa anakukataza nini? Mwaka ule bei ilipoanguka ulibakije na kahawa? Sikiliza bila kuchomekea shida yako. Mara nyingi utakuta naye alisubiri, akanyanyaswa, akala kiapo kwamba hatawafanyia wanawe hivyo, na hajui kwamba anafanya. Mzee mmoja wa Marangu alikuwa akimweleza mwanawe, mbele yangu, jinsi babu yao alivyokuwa akihesabu mikungu kila jioni asiibiwe na watoto wake mwenyewe. Alipofika katikati ya hadithi alinyamaza. Mwanawe hakusema kitu, na alifanya vizuri kutosema.

Baada ya hapo omba sehemu moja ya kihamba. Usiombe "nafasi ya kujaribu mambo", omba eneo linaloonekana kwa macho: ile mistari ya upande wa mfongo, mfereji wenu wa maji, kwa mfano, au kona ilipokuwa ile mibuni kumi na miwili. Omba kwa masharti matatu. Utaamua wewe peke yako kinachopandwa. Hasara ikitokea ni yako na haitasemwa mezani. Na mapato yake yataingia mkononi mwako bila kupitia kwake. Sharti la tatu litakuwa gumu kuliko la kwanza, nalo ndilo muhimu, kwa sababu mtu wa miaka 41 anayegawiwa pesa mbele ya watoto wake anarudi utotoni kila msimu. Ulizia pia kwenye AMCOS yenu taratibu za wewe kujiunga kwa jina lako mwenyewe, ili kahawa ya eneo lako ipimwe kwa jina lako, huku uanachama wa baba ukiendelea kama ulivyo. Wewe utakuwa umepata chako bila yeye kunyang'anywa chake.

Upande wa pili umwachie yeye kitu ambacho hutakigusa. Wazee wengi hawang'ang'anii shamba lote. Wanataka wasibaki bila shughuli na bila kuulizwa. Mwachie mistari ya babu karibu na kaburi, ikae jinsi alivyoizoea hadi mwisho wa maisha yake, na umwahidi hivyo kwa mdomo wako. Ukiona anaikagua asubuhi usimwambie haina maana. Muulize ushauri pale anapojua kuliko wewe, na yapo mengi: maji ya mfongo yana zamu na ugomvi wake, mpaka wa jirani una historia, ndizi ipi inafaa mtori na ipi ni ya mbege. Ila usimuulize kwa kumpaka mafuta. Wazee wananusa.

Hilo la kusifiwa kaka zako linauma, na sitakuambia upuuze. Lakini jua namna linavyofanya kazi. Mtoto aliye mbali anasifiwa kwa sababu ni mgeni, na sifa ni sehemu ya chakula cha mgeni. Mtoto aliye karibu huhesabiwa kama mkono wa mzazi mwenyewe, na watu hawausifu mkono wao. Si haki, ndivyo ilivyo tu. Unaweza kumwambia mama, au yule kaka unayeelewana naye zaidi, jambo moja rahisi: Disemba hii ningependa baba aseme mbele ya watu nani anayelima hapa. Ombi hilo halina aibu. Mama yako anaweza kulifikisha kwa njia ambayo wewe huwezi.

Na kwa kuwa nimemtaja mama: katika barua yako yote yumo kama mgongo unaouma tu. Kihamba ni chake pia. Migomba kwa desturi ni eneo la akina mama, na kama ni yeye aliyekata majani ya ng'ombe kwa miaka yote hiyo kabla mkeo hajaja, ana haki ya kuulizwa anataka kuzeekea wapi na mikononi mwa nani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inamlinda: nyumba ya ndoa haihamishwi bila ridhaa yake. Makubaliano yoyote kati yako na baba yasiyomtaja yeye yana ufa.

Sasa ndugu zako. Unawaona kama watu wenye nyumba zao Dar es Salaam ambao hawana wanachokitaka mlimani. Sidhani. Ekari moja na nusu si mali kwao, ni mahali pa kurudi. Ni pale watakapozikwa, au watakapogombania kuzikwa. Wanaogopa kwamba siku kihamba kitakapokuwa chako watakuja Disemba kama wapangaji. Kila mmoja ana daftari lake kichwani: wewe una ya kazi na usiku wa hospitali, wao wana ya mabati waliyoezeka na dawa walizotuma. Madaftari hayo yasipofunguliwa baba akiwa hai, yatafunguliwa siku ya kumaliza matanga, na hapo hakuna wa kuamua.

Dada zako usiwaache nje kwa sababu ya mila. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote mbili za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume, na kesi za dada dhidi ya kaka zimejaa kwenye mabaraza ya ardhi. Dada aliyeulizwa mara nyingi hutaka kidogo: chumba akirudi, haki ya kuzikwa, mkungu wa ndizi. Aliyerukwa hudai ekari. Na kugawa ekari moja na nusu kwa watu watano ili kila mtu aone haki imetendeka ni kukiua kihamba. Haki yenu itabidi ipimwe kwa vingine: nani anatunza wazazi, nani anapata nini nje ya ardhi, nani ana neno iwapo siku moja mtu atataka kuuza. Hilo la mwisho liandikeni wazi, kwamba hakiuzwi nje ya familia bila wote kukubali. Utashangaa jinsi baba atakavyolegea akilisikia likitoka kinywani mwako, kwa sababu nadhani huo ndio woga wake mkubwa kuliko mingine.

Mkutano wa familia ufanyike Disemba maana ndipo wote wanapanda mlimani, lakini si siku ya Krismasi wala mbuzi akiwa bado jikoni. Chagueni asubuhi, tarehe 27 au 28, kabla watu hawajaanza kunywa, na kaka zako wajue mapema ajenda ni nini. Asiyefaa kuuongoza ni wewe. Baba mdogo, au paroko kama baba anamsikiliza, anafaa zaidi.

Maandishi yaje mwisho, na hapa nikupe uzito wa kila upande. Baba akikuhamishia ardhi sasa, halmashauri ya kijiji ikihusishwa kama sheria inavyotaka, wewe unapata usalama, lakini wazazi wanabaki mikononi mwa hisani yako, na ukitangulia wewe kufa, mambo yanakuwa magumu kwa wote. Akiandika wosia, anabaki mwenye mali hadi mwisho na anaweza kuubadilisha wakati wowote akiwa na akili timamu. Hilo linampa amani na kukunyima wewe uhakika. Ningekuwa na sauti katika familia yenu ningependelea wosia, pamoja na karatasi ya makubaliano inayosema wewe unaamua nini kuanzia sasa. Kwa taratibu za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, na asiyejua kusoma wanne. Mke naye anatakiwa kushuhudia. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, huandika na kuhifadhi wosia, na wasaidizi wa kisheria wa wilaya wanaweza kumwelekeza. Siku ya kuandika wewe usiwepo chumbani. Wosia ulioandikwa mrithi akiwa amekaa pembeni huzaa maneno kabla wino haujakauka.

Kuhusu uchuro: wazee wengi husema hawataki kuongelea kifo, kumbe hawataki kukiongelea na mtu anayenufaika nacho. Mwambie mtu mwingine aanze. Mzee wa rika lake aliyeandika wosia wake na bado anakunywa mbege kila Jumapili atafanya kazi ambayo mimi na wewe hatuiwezi.

Yapo mambo ambayo barua haitoshi. Kama baba ameanza kusahau, anarudia swali lilelile, anapotea njia aliyoizoea, au amewahi kuahidi kipande kilekile kwa watu wawili, apelekwe hospitali apimwe kwanza kabla hajatia saini chochote. Wosia wa mtu ambaye akili yake inatiliwa shaka utavunjwa. Na kikohozi chenyewe, kama kimezidi wiki mbili, ni cha kupimwa, hata ukiacha haya yote. Kama pana vitisho, mtu kashika panga hata mara moja, usikae mkutano wa familia. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi. Na wewe mwenyewe, kama usingizi umepotea kwa zaidi ya wiki mbili, umeanza kunywa ili ulale, au lile wazo la usiku limeanza kukugeukia wewe, kwamba afadhali usingekuwepo, basi usisubiri Disemba. Hospitali za KCMC na Mawenzi zina wahudumu wa afya ya akili, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu anaweza kukaa nanyi kama familia.

Limebaki suala la Himo. Mkeo hajakosea. Amelima miaka yote hiyo kwenye ardhi ya baba mkwe wake, na ikitokea wewe ukafa kesho hajui angesimama wapi. Kununua kiwanja huko chini, kama mnaweza, kwa majina yenu wote wawili, hakukufanyi uwe umekitupa kihamba. Wanaume wengi wa mlimani wana mguu mmoja juu na mmoja chini. Kukiwa na mahali penu, hata pawe pa msingi tu, utaongea na baba bila ile hofu ya mtu ambaye hana pengine pa kwenda. Kuhama ni suala jingine, na singependa mliamue mwaka huu, kabla hamjaona kama ile sehemu moja ya kihamba utapewa. Ila kiwanja usikitumie kama fimbo, na usikinunue kimyakimya kama ulivyong'oa mibuni. Mwambie baba wewe mwenyewe, kabla hajasikia kilabuni.